Uyoga Mweupe wa Mama Digidigi

"Ngano yangu yaja!"

"Na ije, tumeketi!"

Hapo zamani, zamani sana, ukame ulipiga nyika. Majani yakakauka, visima vikakauka. Mama Digidigi akamchukua mwanawe wa pekee, Kasiwa, akahamia msitu wa miombo. Jirani yake alikuwa Nungunungu, mjuzi wa kila uyoga uotao msituni.

Mvua zikanyesha, uyoga ukachomoza. Nyikani kwao Digidigi hakuwahi kuuona. Akachuma mwekundu, akaenda kwa jirani.

"Hodi, dada! Huu unalika?"

"Karibu. Unalika, mdogo wangu. Kapike."

Wakala, wakashiba, wakalala.

Kesho yake akachuma wa manjano.

"Hodi, dada! Na huu unalika?"

Siku hiyo Nungunungu alikuwa na wageni, Kima na Kanga. Akacheka. "Jamani, mtazameni mtu mzima huyu! Unalika, bibi wee! Hata vifaranga wa Kanga wanaujua."

Kima akacheka, Kanga akacheka. Digidigi akarudi kwake ameinamisha kichwa.

Siku ya tatu akaona mwingine chini ya mti, mweupe kama maziwa, mzuri ajabu. Akauchuma, akaenda kwa jirani. Alipokaribia mlango akamsikia Nungunungu akimwigiza: "Hodi, dada! Huu unalika? Hodi, dada!" Wageni wakaangua kicheko.

Digidigi hakubisha hodi. Akarudi, akapika. Uyoga wenyewe ulikuwa kidogo, akampa mwanawe wote.

Alasiri Kasiwa akashika tumbo. "Mama, naungua."

Mama akamkanda, akamnywesha maji, akambembeleza. Kabla jua halijachwa, mtoto akanyamaza.

Nungunungu alisikia kilio, akaja mbio. Akaona mabaki chunguni.

"Ole wangu! Huu ni sumu! Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuja, dada. Nilifika mpaka mlangoni."

Miiba yote ya Nungunungu ikalala.

Wakamzika Kasiwa pamoja. Kisha Digidigi akashika njia ya nyikani, kulekule kwenye ukame. Nungunungu akamfuata akiita, "Mdogo wangu, rudi! Uliza lolote, nitakujibu!"

Digidigi hakugeuka.

Basi, wanangu, asiyejua akikuuliza, mjibu, usimcheke. Ukimcheka leo, kesho hatauliza.

Ngano yangu imekomea hapo. Mwenye chozi alifute, mwenye swali aulize.

"Tumesikia!"