Tajiri Mbarouk Apanda Kilima cha Istanbul

Tajiri Mbarouk wa Tanga alimlipia Bi Tunu nauli ya Istanbul, mji ambao bibi huyo aliujua vizuri, ili amwongoze. Waliposhuka kwenye treni ya kutoka uwanja wa ndege, tajiri akamtupia begi lake.

"Beba! Hoteli iko wapi?"

Tunu alikitazama kilima kilichokuwa mbele yao, akatazama na mabegi yake mwenyewe mawili. "Kule juu. Nitabeba, tajiri. Ila huku mwanamume akitembea mikono mitupu, askari humdhania mwizi. Juzi mmoja alipekuliwa hadi kwenye kaptula."

Mbarouk akanyakua mabegi yote matatu. Alipanda akihema kama beberu, Tunu yuko mbele anatafuna mahindi ya kuchoma.

Kileleni, wanaume chungu nzima walikuwa wakipunga upepo, mikono mitupu.

"Na hawa je?" Mbarouk aliuliza.

"Wezi hao," Tunu alinong'ona. "Kamata mabegi vizuri!"