Shimo Katika Mkono wa Ndahani

Bonyeza, ndipo usifu.

Bibi Mbeleje aliitamka methali hiyo huku akipepeta karanga. Wajukuu wake walikuwa uani wakinyanyua makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Chiduo alikuwa amevua fulana, na binamu yake Matonya akapiga kelele, "Lo! Tazameni mkono wa huyu! Mwezi jana tulimwita Njiti!"

Ndipo bibi aliposema.

"Tubonyeze nini tena, bibi?" Matonya akauliza. "Neno hilo limetoka wapi?"

"Limetoka kisimani. Wekeni saruji yenu chini mkae. Lilizaliwa hivi."

Huku kwetu Ugogo, kabla ya pampu, kiangazi kilipokausha korongo la Chinyika, watu walichimba kisima cha ng'ombe katika mchanga wake. Kilikuwa kirefu, na kando ya ukuta wake vilichongwa vipandio. Vijana walishuka wakasimama juu ya vipandio hivyo, mmoja juu ya mwenzake, wakarushiana ndoo za ngozi toka chini hadi juu huku wakiimba. Na sheria ilikuwa moja. Nyumba iliyotoa kijana katika safu, ng'ombe wake walikunywa kwa zamu. Nyumba isiyotoa, ng'ombe wake walingoja mpaka mwisho, wakalamba tope.

Ndahani alikuwa kijana pekee wa mama mjane, na alikuwa mwembamba tangu kuzaliwa. Hakunyimwa chakula! Alimaliza ugali wa uwele na mlenda wake, na bado mbavu zilionekana kupitia shuka. Kila kiangazi mama yake alizika ndama. Mwaka huo zizini alibaki ng'ombe mmoja mwenye mimba na wengine wawili waliokonda, basi.

Ndahani akamwendea Chilongani, kiongozi wa safu. "Kaka, nipe kipandio."

Chilongani alimtazama toka utosini hadi kisiginoni, kisha akaangua wimbo, na safu nzima ikaupokea toka shimoni:

Mfungeni kamba hima, upepo utampata,
Hata fimbo husimama, huyu ndoo hatavuta!

Wanawake waliokuwa kwenye birika la kunyweshea ng'ombe walicheka mpaka wakashika viuno. Ndahani hakucheka. Alikuwa na kiburi kinachowaka kama moto wa mabua. "Wimbo huo utaumeza, Chilongani," akasema. "Utaumeza bila maji."

Wiki hiyohiyo alipita mchuuzi mwenye baiskeli, akiuza shanga, wembe na vidonge vyeupe. "Hivi ni vya kunenepa," alisema. "Meza, kula, lala. Usifanye kazi, utaupoteza mwili." Ndahani akauza jogoo wake akavinunua. Akameza, akala, akalala. Mama yake alipomwomba akate miiba ya zizi, alijibu, "Ngoja mama, ninajenga mwili."

Na mwili ukaja! Kwanza mashavu, yakawa mviringo kama kibuyu. Kisha shingo. Kisha mikono na miguu, ikajaa ikang'aa. Asubuhi aliyojitokeza kisimani, watu waliacha kuchota. Chilongani alishika kichwa.

"Ndahani? Ni wewe au ni mjomba wako?"

"Ni mimi. Imba sasa."

"Niimbe nini, ndugu yangu? Nimekosa! Tazameni mkono! Tazameni paja! Mpeni kipandio cha katikati, hapo ndipo panapotaka mwanamume."

Mama Ndahani alipiga vigelegele akasogeza ng'ombe wake mbele. Ndahani akavua shuka la juu, akakaa ukingoni, akateremsha mguu mmoja kutafuta kipandio.

Wakati huo alifika Bibi Nyemo na mbuzi wake. Alikuwa mnunuzi wa mbuzi, na watu wa biashara hiyo hawaamini macho. Manyoya hudanganya, na tumbo lililojaa maji hudanganya zaidi. Kwa hiyo hubonyeza mgongo wa mbuzi kwa kidole gumba kabla ya kusema neno lolote. Mkono wake ulikuwa umezoea hivyo hata kwa watoto waliokuja kumwamkia.

"Mbukwa, mjukuu wangu, umekuwa mkubwa hivi?" akasema, akamshika mkono, akabonyeza. Kisha akainua kidole.

Shimo likabaki.

Ndahani alilitazama. Chilongani alilitazama. Lilikuwa shimo la kidole gumba katikati ya mkono uliosifiwa, kama alama ya kidole kwenye ugali wa moto, na halikujaa. Bibi Nyemo akabonyeza muundi. Shimo la pili. Vigelegele vikakatika kooni mwa mama yule. Mle kisimani waliendelea kuimba, kwa maana hawakuona.

"Mtoeni!" bibi akapiga ukelele. "Hii si nyama, ni maji!"

"Niache, bibi," Ndahani akasema. "Ng'ombe wa mama wanangoja."

"Na wangoje! Ndoo ikikuponyoka hapo katikati, itamwangukia nani?"

Chilongani akainama kutazama chini. Aliyesimama chini ya kipandio kile, uso umeinuliwa akisubiri mwenzake, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Chilongani akamvuta Ndahani kwa makwapa mpaka juu, kisha yeye mwenyewe akakaa mchangani.

"Na wewe uliyemsifu," Bibi Nyemo akamwambia, "ulimbonyeza? Bonyeza, ndipo usifu!"

Siku hiyo ng'ombe wa mjane walilamba tope.

Ndahani alipelekwa zahanati kwa mkokoteni wa punda. Mganga akasema vile vidonge ndivyo vilivyomjaza maji, akamwachisha polepole, na maji yote yakaenda. Alirudi mwembamba kuliko mwanzo. Hakutoka nyumbani, mpaka Bibi Nyemo alipomfuata mlangoni.

"Mbuzi wangu hawanenepi kwa kulala tu," alisema. "Wanakula, wanapanda kilima, ndipo wanalala. Toka."

Akampa kazi ya kuvuta maji kwenye kisima chake kidogo cha mbuzi. Alianza na nusu ndoo, maana nzima ilimshinda. Alipoizoea, bibi akaongeza maji. Akampa maziwa, kunde na karanga, akimlazimisha kula hata aliposema ameshiba. Na aliposhupaa kufanya kazi hali amechoka, alimfukuza kwa fimbo: "Nenda ulale! Mwili hujengwa ukiwa umelala, baada ya kazi!" Masika yakaja yakapita. Ng'ombe akazaa, ndama akasimama.

Kiangazi kiliporudi, Ndahani alifika tena kisimani. Hakuwa mnene! Alikuwa amejaza mabega kidogo, na shingo kidogo, basi. Chilongani akacheka, "Mwaka jana ulivimba, mwaka huu umenyauka! Mfungeni kamba hi..."

"Bonyeza," Ndahani akasema, akanyoosha mkono.

Chilongani akabonyeza kwa kidole gumba. Akaacha kucheka. Akabonyeza kwa vidole gumba viwili, akikunja uso, akikaza meno. Hakuna kilichodidimia. Ilikuwa kama kubonyeza mchi.

"Mama yangu!" akanong'ona. Wimbo akaumeza, kweli bila maji, na akasogea pembeni kumpisha. Siku hiyo Ndahani alirusha ndoo toka katikati mpaka birika likafurika, na ndama wa mama yake akanywa kwa zamu.

Bibi Mbeleje aliweka ungo chini. Matonya alikuwa akicheka na kujibonyeza mikono. Chiduo hakucheka. Alikuwa anavaa fulana yake, taratibu, bila kumtazama mtu.

"Unaficha nini, baba?" bibi akauliza kwa upole. "Nimeutazama uso wako toka Jumapili, unavyozidi kuwa mviringo. Lete mkono."

"Bibi, mimi ni mazoezi tu..."

"Lete."

Akauleta. Bibi akabonyeza, kisha akainua kidole.

Shimo likabaki. Matonya alilitazama shimo lile, na sifa zote alizokuwa amezipigia kelele zikamrudi kooni.

"Bonyeza," akasema, "ndipo usifu."