Fisi Alichukua Mkia, Akasahau Tumbo

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa wapi?
— Palipo na joto!
— Joto la nani?
— La Fisi na feni yake!

Ng'weeeee! Sauti moja tu, ndefu, ilisikika usiku ule ndani ya kasha la kompyuta ya Fisi. Kisha, pu! Kioo kikawa cheusi. Mjusi, aliyezoea kulala humo kwa kupenda vuguvugu, akatoka mbio, nyayo zinamuungua. Feni ndogo iliyopoza prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa imeshindwa kazi.

Siku hizo Fisi alikuwa na studio ya video za harusi. Mlangoni paliandikwa: FISI FUNDI MKUU. Lakini Fisi alichokijua harusini ni pilau tu. Aliyezikata picha na kuziunga ni Mjusi, akirukaruka juu ya vibonye, ta-ta-ta, ta-ta-ta, mpaka bibi harusi aliyekuwa anapiga chafya akaonekana anacheka.

Mjusi alikuwa na jina, alipewa na mama yake. Lakini mwaka wa tatu sasa, Fisi hakuwahi kulitamka hata siku moja. "We Kitambaazi!" ndiyo ilikuwa salamu. Na kila video ilipoisha, kioo kiliandika: Kazi ya Fisi.

"Bwana Fisi, niandike na mimi. Hata kwa herufi ndogo."

"Kitambaazi, jina lako litajaza kioo bure."

Sasa video ya harusi ya binti Twiga ilikuwa haijaisha, na Twiga amealika nyika nzima kuja kuitazama Jumapili.

Asubuhi Fisi akanguruma, "Nataka kipoza cha prosesa kikubwa kuliko vyote! Chenye mapezi ya bati ya kutolea joto, na feni ya kuvuma kama kimbunga!"

"Kikubwa kinafaa, bwana," akasema Mjusi, "ila kasha lina mipaka. Mipaka yote nimeipima kwa mwili wangu, maana ndimo ninamolala. Nipeleke dukani kwa Bi Kobe, nikachague mbele ya watu."

"Nikupeleke! Watu waseme Fundi Mkuu anafundishwa na mnyama wa ukutani? Niambie tu, kimo kinapimwa na nini?"

Mjusi akatazama chini. Akatazama juu. "Kimo ni mkia wangu, bwana. Kipoza kikizidi mkia, mlango wa kasha haufungi."

Kwapu! Fisi akaudaka mkia. Mjusi akachoropoka, mkia ukabaki mkononi mwa Fisi, pwata, pwata, unacheza peke yake.

"Kipimo ninacho!" akacheka Fisi. "Wewe baki."

Hakubaki. Iliuma, na machozi yalimlenga, lakini mkia wa mjusi huota tena. Jina halioti mpaka lipandwe mdomoni mwa mtu. Akapanda taratibu kwenye manyoya ya shingo ya Fisi, akajificha.

Bi Kobe alikuwa na desturi yake. Haandiki jina la mnunuzi, huandika jina la fundi aliyepima. Kifaa kisipoenea, fundi huyo hutaja vipimo, akabadilishiwa.

"Shikamoo, Bi Kobe."

"Marahaba, baba. Kapima fundi nani?"

"Mimi hapa!"

Bi Kobe akatoa kipoza kimoja. Fisi akakipima kwa mkia, akalamba midomo: "Kikubwa zaidi!" Akatoa cha pili. Fisi akapima, akalamba midomo: "Kikubwa zaidi!" Akatoa cha tatu: minara miwili ya mapezi, feni mbili, mabomba ya shaba yanang'aa, kimo sawasawa na mkia, na unene kama mtungi.

"Hicho!"

"Na unene wake umeupima?"

"Bi Kobe, kipoza hakina unene. Kina ukubwa."

Nyumbani, Fisi akakiweka juu ya prosesa. Kimo, barabara. Lakini kando ya prosesa vijiti vya kumbukumbu vilisimama kama meno, na kipoza kikavilalia. Kwa! Hakiingii. Kwi! Hakiingii. Fisi akavuta tumbo lake mwenyewe ndani, labda kitasaidia. Hakiingii.

"Mkia umenidanganya!"

"Haujakudanganya, bwana," akasema Mjusi kutoka ukutani. "Mkia ulipima kimo. Unene niliupima kwa tumbo. Tumbo hukulichukua."

Fisi akakaa sakafuni. "Nyika nzima itanicheka," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna fisi aliyewahi kuitoa. Mjusi akamwonea huruma, huruma ya kweli. Lakini kipimo hakukitoa.

"Rudi kwa Bi Kobe, bwana. Desturi yake unaijua."

Fisi akarudi, kichwa chini, hajui shingoni kabeba nani.

"Kimekataa, Bi Kobe."

"Fundi si wewe? Haya, nitajie unene unaotakiwa."

Fisi akatazama dari. Dari haikumsaidia. Akautoa mkia, akauweka mezani.

Bi Kobe akaugeuza huku na huku. "Baba, mkia wako nauona hapo nyuma yako. Huu una mwenyewe, na mwenyewe ana jina. Nimwandike nani?"

 Mle manyoyani, Mjusi akazuia pumzi.

Na hapo kasha la ngano yangu nimelifunga, parafujo nne, kila pembe moja. Funzo lake ni hili: ukimhitaji fundi, chukua mkia wake, mwenyewe mwache nyumbani. Na jina la mwenzio litunze kabatini, usilitumie, lisije likachakaa. Haya, kalaleni.

— Hatulali! Kaandikwa nani?
— Kasha nimeshafunga.
— Fungua!

Basi nalegeza parafujo moja tu. Fisi akameza mate. Masikio yakamlala. Akasema polepole, kama mtu anayeonja chakula kigeni akakikuta kitamu:

"Somoe. Mwandike Somoe binti Darini."