Kwa Nini Ufagio wa Chelewa Hauna Mpini

Zama hizo, kabla bibi yake bibi yangu hajazaliwa, ufagio wa chelewa, zile njiti za makuti, ulikuwa na mpini. Mpini wa kweli, wa mti, mrefu kumfika mtu mzima begani. Mwanamke alifagia akiwa amesimama wima, shingo juu, huku akizungumza na jirani wa nyumba ya pili. Hakuna aliyeinama. Msinitazame hivyo, wajukuu. Mimi ninayeinama kila asubuhi tangu sijang'oa meno ya utoto ndiye ninayewaambia.

Siku hizo pia mtoto hakuwa na kazi nyumbani. Alikula, akacheza, akalala. Kisha akishabalehe alipewa kazi zote kwa mkupuo, kisima, mchi, jiko na ufagio, na watu wakashangaa kwa nini hajui kitu. Ndivyo desturi ilivyokuwa, na hakuna aliyeihoji.

Katika kijiji kimoja cha minazi alikuwapo mwanamke aliyeitwa Mwanatumu. Mumewe, Mbwana, alikuwa bondeni akiwinga ndege wasile mpunga, na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mwanatumu alikuwa amechoka. Si uchovu ule wa siku moja unaoisha ukilala. Huu ulikuwa umemkaa mwilini mpaka akawa hakumbuki alivyokuwa kabla yake. Alichota maji, akafagia, akatwanga, akakuna nazi, akafua, na alipomaliza la mwisho, la kwanza lilikuwa linamngoja.

Alikuwa na binti mmoja, Saumu. Alipokuwa na miaka mitatu, Saumu alimfuata mama yake hatua kwa hatua. Mama akishika kata ya maji, "Na mimi." Akikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, "Na mimi, mama." Mpaka majirani wakambandika jina, Namimi. Sasa Mwanatumu angemjibu nini? Jua linapanda, chungu hakijatelekwa. Kumpa mtoto kata ni kumwaga maji uliyoyabeba kichwani kutoka kisimani. Kumpa ufagio ni kufagia mara mbili.

"Ngoja ukue," alisema. "Kaa pale."

Mwanzoni alisema kwa upole, baadaye kwa ukali, na mwishowe alikuwa akisema bila hata kumtazama. Saumu akakaa pale. Alipofika miaka saba alikuwa ameshaacha kuomba. Aliketi barazani, miguu ikining'inia, akimwona mama yake anapita na kurudi na mtungi kichwani. Mtoto mtulivu, majirani walisema, hana usumbufu. Mwanatumu naye, maskini, akajivunia utulivu huo.

Asubuhi moja alirudi kisimani, akautua mtungi mlangoni, na kiuno kikagoma. Alisikia kitu kimemkatika chini ya mgongo. Akashuka polepole akishikilia ukuta, akajikuta amelala kwenye mkeka, hawezi kugeuka huku wala huku. Koo lilikuwa limemkauka. Maji yalikuwa hatua tano tu.

"Saumu, mwanangu, nichotee maji."

Saumu akaja mpaka kwenye mtungi, akasimama, akaweka mikono nyuma.

"Bado, mama."

"Bado nini?"

"Bado sijakua."

Mwanatumu alimtazama usoni akitafuta utundu, asiuone. Mtoto alikuwa anajibu alichofundishwa miaka minne mizima, tena kwa adabu zote. Mwanatumu akageuzia uso wake ukutani akalia. Si kwa kiu, wala si kwa kiuno. Alilia kwa kuwa mtu wa kumsaidia alikuwamo humo humo ndani siku zote, na ni yeye mwenyewe aliyemfukuza.

Adhuhuri akaingia jirani yake, Bi Kidawa, aliyekuja kuomba kaa la moto. Akamnywesha maji, akamkanda kwa mafuta ya nazi, akatikisa kichwa.

"Kiuno hiki kitakulaza mwezi, mdogo wangu. Leo nitakuchotea maji, kesho nitakupikia. Keshokutwa usinitazamie. Nami nina nyumba, nami nimechoka."

Hakusema kwa ubaya. Wanawake wa kijiji kizima walikuwa wamechoka hivyo hivyo, kila mmoja peke yake uani kwake.

Siku ya tatu ua ulikuwa umejaa majani makavu, maganda na kinyesi cha kuku. Mwanatumu, akiwa palepale mkekani karibu na mlango, akamwita mwanawe.

"Chukua ufagio, mama. Umeshakua. Nilisahau kukwambia."

Saumu alitazama pande zote, akingoja kukatazwa. Kisha akaushika kwa mikono miwili. Mpini ulikuwa umempita kimo, na ncha yake ya juu ilikwenda ilikotaka yenyewe. Alipogeuka ili afagie kuelekea nje, mpini ukaugonga mtungi. Mtungi ukapasuka, na maji yote ya Bi Kidawa yakamwagika, yakafika hadi kwenye mkeka.

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni mwa Mwanatumu, lile lile la kila siku, na mtoto aliliona linakuja. Akaulaza ufagio chini taratibu, akaanza kurudi barazani kwake. Mwanatumu akajua kwamba mtoto huyu akikaa safari hii, hatainuka tena.

"Saumu," akaita. "Niletee panga."

Mtoto akalileta. Mwanatumu akauvuta ufagio hapo alipolala, akauegemeza mpini juu ya kizingiti, akaanza kuukata. Kila pigo lilimpanda mgongoni mpaka kisogoni. Alikata, akapumzika, akakata tena. Mwisho mpini ukaanguka upande, na mkononi mwake kikabaki kicha cha chelewa kilichofungwa kwa kamba ya ukindu, kisichozidi urefu wa mkono.

"Huu sasa ni wako," akasema.

Saumu akafagia. Niseme kweli, alifagia vibaya. Aliruka pembe zote, akamrushia mama yake vumbi miguuni, akakusanya rundo zuri katikati ya ua kisha akalikanyaga. Mwanatumu alilala akiona kila jani lililosahauliwa, akauma ulimi. Mpaka anazeeka alikuwa akisema kwamba kulala pale na kunyamaza kulimchosha kuliko kutwanga. Lakini alinyamaza. Siku iliyofuata Saumu akachota maji kwa kata kwenye mtungi wa kuazima. Nusu aliimwaga njiani. Nusu iliyofika, Mwanatumu aliinywa yote na kumshukuru.

Mwezi ulipoisha kiuno kilikuwa kimeanza kuachia, na Mbwana akarudi kutoka bondeni. Aliuona ufagio uliokatwa, akacheka, kisha akamhurumia mkewe. Jioni hiyo hiyo akachonga mpini mpya, akaufunga imara. Asubuhi Saumu alitoka, akaupima kwa macho kutoka chini hadi juu. Akaenda kukaa barazani.

Mwanatumu akasimama uani na ule ufagio mkononi. Mgongo wake ulikuwa bado unauma, na mpini ulikuwa umelainishwa vizuri. Angeweza kufagia wima, upesi, pembe zote, peke yake, siku zote zilizobaki za maisha yake. Tena alitamani. Akasimama hivyo mpaka mumewe akaanza kuingiwa na wasiwasi. Kisha akaifungua kamba, akauchomoa mpini, akaupeleka jikoni kuukokea moto.

"Utainama mpaka lini, mke wangu?" Mbwana akauliza.

"Mpaka huyu alingane na mimi," akajibu. "Halafu na yeye atainama kwa ajili ya mtoto wake."

Akamwita mwanawe, akamkabidhi ufagio. Bi Kidawa aliona yote hayo kutoka kwake. Alikuwa na wajukuu wawili wakubwa wa kukaa tu, basi akaingia ndani akatafuta panga. Kabla ya mavuno, kijiji kizima hakikuwa na ufagio mrefu.

Na tangu siku hiyo ufagio wa chelewa hauna mpini. Madukani sasa mnauziwa mafagio ya plastiki yenye mipini mirefu, nasikia yanafagia vizuri, nami sina ugomvi nayo. Lakini wa chelewa umebaki mfupi. Mtu mzima anayeushika huinama mpaka kimo cha mtoto wa miaka saba, na akimaliza hushika kiuno, akajinyoosha kidogo kidogo huku akiguna, kama mnavyonisikia nikiguna mimi. Wapo wanaosema aliyeukata ufagio huu hakumfikiria mama. Ni kweli, hakumfikiria. Yeye ndiye aliyekuwa mama.