Ingieni Mnitoe

Biblia zenu zifungeni kidogo, tutazirudia. Leo nataka niwapeleke kwenye mpira wa kikapu. Naona kina mama wa kwaya wananitazama kama vile mchungaji wao amepotea njia. Sijapotea. Na nyie vijana wa benchi la nyuma mlioamka sasa hivi kwa kusikia neno mpira, karibuni kanisani.

Palikuwa na kinyozi mmoja katika mji fulani. Mji huo ulikuwa na timu ya kikapu, timu ya kulipwa, ya ligi kuu, na kinyozi huyu aliipenda vibaya sana. Zamani timu ile ilikuwa tishio. Sasa ilifungwa nyumbani, ikafungwa ugenini, ikafungwa hata na timu zilizopanda daraja juzi. Makocha walibadilishwa kama mashati. Mchezaji mzuri akionekana tu, ameshauzwa. Basi la timu likizima njiani, wachezaji wanashuka kulisukuma, na jioni hiyo hiyo wanatakiwa waruke. Daktari wa timu hakuwapo. Aliyewafunga watu bandeji alikuwa mtunza mipira, na bandeji yenyewe ilifuliwa ikaanikwa, ikatumika tena.

Basi pale kwa kinyozi mazungumzo yalikuwa hayo hayo kutwa: mwenyekiti aondoke. Akishaanza habari za mwenyekiti, mashine ya kunyolea inazimwa, mkono mmoja uko kiunoni, na mteja anakaa na ndevu upande mmoja anasubiri hotuba iishe. Uwanjani alikuwa na tarumbeta. Timu ikizidiwa, yeye anasimama, anaipuliza mpaka mishipa ya shingo inatoka, halafu jukwaa zima linaitikia, "Uongozi uondoke!" Nanyi mnawajua watu wa namna hiyo. Wengine mmekaa nao benchi moja.

Mashabiki wengi walikuwa na hasira. Kinyozi alikuwa na hasira, lakini chini ya hasira yake palikuwa na hofu. Yule kijana mrefu aliyecheza chini ya kikapu, yule aliyerukiana na majitu kugombea mpira, alikuwa mwanawe. Na goti la kijana lilikuwa bovu.

Wenzake walipotazama mechi, macho yao yalifuata mpira. Yake yalifuata goti. Kijana akiruka, baba anashika pumzi. Akitua, baba anaangalia katuaje. Akichechemea hatua mbili tatu, moyo wa baba unaenda mbio, halafu anachukua tarumbeta, anapuliza kwa nguvu zote. Watu wanadhani ni ushabiki. Haukuwa ushabiki, ndugu zangu. Mzee wa watu alikuwa anaogopa.

Siku moja kijana alirudi nyumbani, akanyoosha mguu juu ya stuli.

"Baba, limevimba tena. Kila nikitua nasikia kitu kinasogea humu ndani."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Kila siku daktari anakuja kesho. Na nikikaa nje hakuna wa kuziba nafasi yangu, halafu msimu ujao sina mkataba."

Kinyozi akapiga paja. "Vumilia, mwanangu. Hawa tunawang'oa. Nakwambia tunawang'oa!"

Mama mtu alikuwa anakanda maji ya moto kwenye goti lile, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Mwanao analia na goti, wewe unalia na mwenyekiti."

Sasa tusikilizane vizuri hapa, maana mfano wote uko hapa. Timu ile haikuwa ya tajiri mmoja. Ilikuwa ya wanachama. Kinyozi alikuwa na kadi, na kadi ile aliitunza kuliko cheti cha ndoa. Kwa katiba ya klabu, wenye kumweka mwenyekiti na kumtoa ni wanachama, ndani ya mkutano mkuu. Na mkutano haukuwa mkutano mpaka itimie akidi, yaani zaidi ya nusu ya wanachama wawe wamekaa ukumbini. Isipotimia, hakuna linaloamuliwa, na waliopo madarakani wanabaki hapo hapo mpaka msimu uishe.

Mkutano ukatangazwa. Mnadhani kinyozi alifanya nini? Mnadhani alivaa shati lake safi, akachukua kadi, akaingia ukumbini?

Alisusa.

Tena hakususa peke yake. Alikwenda kiti kwa kiti pale kwake, kijiwe kwa kijiwe mtaani, akawashawishi wenzake. "Tukiingia tutakuwa tumewapa heshima," akasema. "Tusiingie hata mmoja. Wakae na viti vyao vitupu. Waone aibu!" Watu wakapiga makofi. Na mimi ningekuwepo, labda ningepiga. Kususa kuna utamu wake, tusidanganyane.

Maana sisi kususa tumekulia. Mtoto akinyimwa kitu anasusa chakula, kwa sababu anajua mama atamfuata chumbani na sahani. Bibi harusi anasusa, shangazi zake wanatumwa kumbembeleza. Mzee wa ukoo anasusa kikao, vijana wanamfuata na maneno matamu. Kususa kwetu ni njia ya kusema: nifuateni, mnibembeleze, mjue kwamba nina thamani. Nalo si jambo baya siku zote. Lakini mwenye kususa anapaswa kujua jambo moja: akibembelezwa, atambue kwamba amebembelezwa.

Siku ikafika. Nje ya geti la klabu watu walijaa mpaka barabarani. Ndani ya ukumbi viti vilipangwa vizuri, na waliokaa wangetosha kwenye jamvi moja. Kinyozi alikuwa mbele kabisa, tarumbeta mkononi. Watu wanaimba, wanacheza, ungesema sherehe.

Muda ukaenda. Mara mwenyekiti akatoka nje mwenyewe, miwani mkononi, akasogea mpaka getini. Umati ukamzomea. Akanyoosha mikono kuomba utulivu. Kelele zikapungua kidogo, akasema:

"Wanachama wenzangu, kama mnataka nitoke, ingieni mnitoe! Kwa sababu..."

Tarumbeta ikalia.

Hakuna aliyesikia sababu. Walichosikia ni hilo la kwanza, ingieni mnitoe, nao wakalisikia kama mtu anavyolisikia neno la kejeli. Kwamba anatuchokoza huyu. Kwamba anajigamba: nitoeni kama mnaweza! Ikawa kelele juu ya kelele. Mwenyekiti aliendelea kufungua mdomo na kuufunga, jasho linamtoka, anamtazama kinyozi moja kwa moja, na kinyozi anapuliza, anapuliza. Mwishowe mzee yule akarudi ndani. Viti vikakunjwa. Akidi haikutimia.

Kinyozi alirudi nyumbani amebebwa mabegani na watu. "Tumemkomesha," akamwambia mkewe. Mkewe akamuuliza, "Kwa hiyo ametoka?" Akamjibu, "Ameona aibu." Mama akainjika maji ya moto ya goti.

Mechi iliyofuata kijana alicheza. Angefanyaje? Uongozi ulikuwa ule ule, daktari hayupo, bandeji ile ile. Robo ya mwisho, mpira ukagonga chuma ukarudi, kijana akaruka katikati ya watu wawili. Baba akashika pumzi. Mpira kijana aliupata, watu wakashangilia. Baba hakushangilia, kwa sababu alikuwa ameona namna mwanawe alivyotua.

Hospitali, kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji, kinyozi alikaa ameinamisha kichwa. Akasikia mtu anakaa pembeni yake. Alipoinua macho, ni mwenyekiti. Akainuka, ngumi ameikunja.

"Umekuja kufanya nini hapa?" akasema. "Umenivunjia mtoto!"

"Kazi ile imenishinda tangu msimu uliopita," mwenyekiti akasema. "Hilo nalijua, na silikatai. Lakini siku ile getini nilikuwa sijamaliza kusema, ukapuliza tarumbeta."

"Ulikuwa unatukejeli."

"Nilikuwa nawaomba, ndugu yangu. Katiba hainiruhusu kuachia kiti ila mbele ya wanachama. Nilikuja kujiuzulu siku ile. Na jambo la pili lilikuwa kuidhinisha daktari wa timu, naye alishakubali kuja, alikuwa ukumbini amekaa anasubiri. Ndiyo maana nikatoka nje nikasema ingieni, mnitoe. Nilishindwa kujitoa peke yangu."

Mngekuwa nyie mngejibu nini?

Baadaye kijana akatolewa chumbani. Daktari wa upasuaji alikuwa ameshamweleza baba kwamba atatembea, ila kuruka, asahau. Kijana akafungua macho, dawa za usingizi bado zimemlegeza, akamwona baba yake. Hakulia. Akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayekumbuka jambo dogo aliloagiza:

"Baba, siku ile kwenye mkutano, goti langu ulilisema?"

Mfano wangu unaishia hapo. Kinyozi alijibu nini, sijui, na sitaki kujua.

Sasa turudi kwetu, na naomba mtu asimtazame jirani yake. Ni nani aliyelivunja goti lile? Uongozi? Ndiyo, uongozi. Mwenyekiti hakuwa malaika, na mtu asitoke hapa akasema mchungaji anawatetea viongozi wabovu. Lakini kijana hakumuuliza mwenyekiti. Alimuuliza baba yake, kwa sababu mwenyekiti hakulijua lile goti kama baba alivyolijua. Baba ndiye aliyekuwa anakosa usingizi kwa ajili yake, naye ndiye aliyekuwa na kadi ya kuingilia. Upendo alikuwa nao, hofu alikuwa nayo, sauti alikuwa nayo kuliko wote. Vyote akaviacha getini.

Nasi je? Sisi hatuna tarumbeta, tuna simu. Mkutano wa usharika ukitangazwa, kimya. Ukishindikana, kwenye makundi ya simu tunawaka moto mpaka mtu anaogopa kufungua. Mkutano wetu umeshindikana, ukaitishwa tena, ukashindikana tena. Kuna waliosusa kwa sababu ya mabadiliko ya kwaya. Kuna waliosusa kwa sababu waliosusa kwanza ni ndugu zao. Na wote mna uchungu na kanisa hili, hilo silitilii shaka, mimi mwenyewe uchungu huo naujua.

Lakini mnakijua chumba cha shule ya Jumapili. Mnaujua ule ufa wa ukutani, ulioanza kama uzi, leo unaingiza kidole. Fundi alishasema: msingi umetitia upande ule, ukuta ubomolewe ujengwe upya kabla ya masika. Na jambo la kubomoa na kujenga, kwa utaratibu wetu sisi Walutheri, haliamui mchungaji wala wazee wa kanisa peke yao. Linaamuliwa na mkutano. Mkutano haukai. Watoto nimewatoa, wako barazani na walimu wao. Lakini nimetazama mawingu ya wiki hii, na sikulala vizuri. Mvua ikianza baraza ile inalowa yote, na mtoto akilowa anakimbilia wapi? Anakimbilia ndani. Mwalimu mmoja atawazuia wangapi?

Nyamazeni kidogo. Mnawasikia? Wanaimba. Kila mmoja wenu anaijua sauti ya mtoto wake katikati ya zile. Iko siku yule mtoto atakuwa na akili ya kuuliza: baba, mama, siku ile kwenye mkutano, ukuta wetu mliusema?

Mkutano ni leo, baada ya ibada, humu humu. Milango nimeagiza ibaki wazi. Wengine mnasema kwenye simu, nami nimeyasoma, kwamba shida ya usharika huu ni mchungaji, hamtakaa kikao mpaka aondoke. Sawa. Na hilo pia ni la mkutano. Mtu asibaki nje kwa ajili yangu.

Ingieni mnitoe. Siwakejeli, ndugu zangu. Nawaomba.