Kibuyu cha Aliyekuwa wa Nne

Alikuwapo dada mmoja, wapendwa, mkimbiaji wa huko milimani ambako asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi. Na dada huyo alikuwa anakimbia, jamani! Hata madereva wa magari ya maziwa walikuwa wakimpigia honi, si ya kumfukuza njiani, ya kumsalimia.

Kijiji chao kina desturi yake. Mkimbiaji akirudi na ushindi, watu humlaki barabarani kwa nyimbo, na mama yake humnywesha maziwa lala, yale yaliyogandishwa kibuyuni, mbele ya wote. Dada huyu hakuota gari wala ghorofa. Tangu utotoni alitaka siku moja anyweshwe na mama yake pale barabarani.

Basi yakakaribia mashindano ya kuchagua timu ya taifa. Watatu wa kwanza wanakwenda ng'ambo, wengine wanarudi nyumbani. Kocha wake akamwita chumba cha ndani, akavuta pazia, akatoa sindano.

"Ni ya kuongeza nguvu ya damu tu," akasema. "Bado haijakatazwa."

"Lakini mimi siumwi, kocha."

"Sikiliza, binti. Huu mlima si unakuongezea damu? Chai si inakuamsha? Maziwa ya mama yako si yanakupa nguvu? Aliyezaliwa pwani hana mlima, na hatusemi umemwibia. Haya, nionyeshe mpaka uko wapi."

Dada akaitazama sindano, akalitazama pazia. Na ninyi msijifanye mnajua! Swali hilo linawatoa jasho hata wakubwa wa michezo. Mwishowe akasema, "Kocha, jibu sina. Lakini twende nyumbani, unichome mbele ya mama."

"Mama anaingiaje hapa?"

"Maziwa ananipa mbele ya watu. Mbona hii nipewe nyuma ya pazia?"

Ee, Mungu ambariki dada huyo! Hakuwa na elimu ya dawa, lakini alijua anachoweza kukimeza huku mama yake anamtazama. Kocha akairudisha sindano mkobani. Kesho yake akamwita msichana mwingine wa kijiji hicho hicho, aliyefanya naye mazoezi, na huyo akakubali.

Siku ya mbio ikafika. Dada yetu akakimbia mpaka akaona giza. Karibu na utepe yule msichana mwingine akampita, akawa wa tatu. Dada akawa wa nne.

Wakarudi kijijini kwa gari moja. Barabara imejaa, vigelegele, matawi yanapepea, yote kwa ajili ya yule wa tatu. Dada akashuka na begi lake. Mtu mmoja akamwambia, "Hebu sogea kidogo, unatuzibia mshindi wetu." Akasogea. Akapita njia ya mashambani akilia.

Mama yake alikuwa mlangoni, kibuyu mkononi.

"Mama, hicho ni cha washindi. Mimi nimekuwa wa nne."

"Nimesikia redioni. Na habari za sindano nimezisikia pia. Kocha wako alikuja hapa kukushtaki, eti una kichwa kigumu, umekataa dawa yake." Mama akamfuta machozi kwa kanga. "Kibuyu hiki ni changu, nampa nimtakaye. Lakini hunywi hapa. Twende barabarani."

Wakaenda wote wawili, mpaka katikati ya ule umati unaoimba. Mama akafungua kibuyu.

Mnaningoja niwaambie umati ulifanya nini? Siwaambii, kwa sababu umati huo ni sisi. Sisi ndio tunaowalaani vijana wakikutwa na sindano, na sisi ndio tuliowafundisha kwamba wa nne apite mashambani. Mtoto akikuletea namba ya chini kutoka shuleni, aliyoitafuta kwa jasho lake mwenyewe, unampokeaje? Unauliza ameipataje, au unauliza mbona si ya kwanza?

Haya, ndugu zangu. Binti ameinua kichwa, anakunywa, na anatutazama. Tutamwimbia, au tutamwambia asogee?