Taa Iliyoletwa Bila Moto

Ndugu zangu, leo nitazungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Najua wazee wangu mliozoea Kigujarati mtaninunia kidogo. Lakini vijana wetu wamezaliwa hapa, na majirani mliowaalika kwa ajili ya Diwali, sikukuu yetu ya taa, tunao humu ndani, na neno nililo nalo sitaki limpite mtu. Wiki hii kila nyumba itatoa taa zake za shaba kabatini na kuzisugua kwa ukwaju na majivu mpaka zing'ae. Kabla hamjaanza kusugua, nisikilizeni habari ya mama mmoja na mkamwana wake.

Waliishi Lindi, juu ya duka la vitambaa. Mama nitamwita Ba, kama tunavyowaita mama zetu sote. Mkamwana nitamwita Kokila. Msijisumbue kutafuta ni nani, maana mkimtafuta sana mtamkuta karibu.

Ba alikuja huku akiwa bibi harusi, binti mdogo aliyetoka kwao Kachi, kule Bara Hindi, kwa meli, na ndani ya sanduku lake mama yake alikuwa amemfungia taa ya shaba. Haikuwa kubwa. Mpini wake ulichongwa tausi, na pembeni ilikuwa na midomo mitano ya kuwekea tambi. Kila jua lilipozama, Ba alikunja pamba viganjani ikawa utambi, akazichovya tambi kwenye samli, akaziwasha. Akaizungusha taa mbele ya miungu wa nyumba, mkono mmoja ukigonga kengele ndogo, naye akiimba. Kisha akaipitisha kwa kila aliyekuwepo, na kila mmoja akafunika moto kwa viganja, akavipeleka machoni.

Majirani mmetuona tukifanya hivyo, wengine mmeona haya kuuliza maana yake. Ni hii: mwanga umekwisha kufika mbele ya Mungu, sasa unarudi kwetu. Tunaupokea kwa mikono na kuupaka machoni, ili nasi tupate kuona. Hakuna anayeabudu shaba. Shaba ni chombo tu cha kuubebea moto.

Basi Ba akazeeka, na macho yakamwisha. Yalikwenda polepole. Nyuso zilimpotea, zikafuata rangi za sari, ukafuata mlango na dirisha. Ikafika jioni moja ambapo alichokiona ni zile ndimi tano za moto peke yake, zimeelea gizani, haoni taa wala mkono unaoishika. Baada ya muda hizo nazo hakuziona tena.

Siku hiyo alimwita Kokila, akampa taa mkononi. Akamwambia, "Mwanangu, sasa ni wewe. Mimi nitakaa hapa kwenye kigoda. Wewe uniletee tu."

"Nitakuletea, Ba. Kila siku."

Na kweli alimletea. Kokila alimpenda mama mkwe wake, sitaki mumhukumu mapema. Alikunja tambi, aliwasha, aliimba, na mwisho alipiga magoti mbele ya kigoda na kuisogeza taa. Ba alinyoosha viganja vyake vilivyokunjamana. Joto lilipovifikia, uso wake ulifunguka. "Nauona," alisema. "Bado nauona." Katika siku yake yote, giza la asubuhi na giza la mchana, hicho ndicho kitu pekee cha mwanga kilichoweza kumfikia. Mnafikiri aliisubirije saa hiyo? Tangu alasiri alikuwa ameshajipangusa uso na kuvuta ushungi, amekaa, amegeuza sikio upande wa jikoni.

Lakini nyumba ina kazi zake. Kokila alipata watoto. Mume wake, Harishi, alifunga duka jua likiwa limeshazama, akapanda juu akiwa na njaa. Jioni ikawa saa ya kuogesha watoto, kupika chapati na kuanua nguo, vyote kwa pamoja.

Masika moja mvua ilinyesha siku nzima, kibiriti kikaloa. Kokila alikwaruza njiti moja baada ya nyingine, hakuna iliyoshika. Mle chumbani Ba alikuwa ameshakaa kwenye kigoda. Kokila akamwonea huruma. Akasema moyoni, huyu mama haoni, kwa nini nimhuzunishe? Akachukua taa vile vile bila moto, akagonga kengele, akaimba, akapiga magoti, akaisogeza.

Ba akanyoosha viganja. Akaviacha hapo muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akavipeleka machoni, akashukuru, akanyamaza.

Kokila akashusha pumzi. Hakuna aliyeumia.

Kesho yake kibiriti kilikuwepo, lakini wali ulikuwa unakaribia kuungua. Keshokutwa mtoto alikuwa analia. Mnajua wenyewe mambo haya yanavyokwenda. Hakuna siku aliyokaa chini akaamua kumdanganya mama mzima. Ila ikafika wakati hata kukunja tambi aliacha. Kengele ililia kila jioni, wimbo uliimbwa, taa ilipelekwa kigodani ikiwa baridi kama kijiko, na Ba alinyoosha mikono.

Halafu angalieni jambo la ajabu. Taa ile haikuwahi kupendeza kama wakati huo. Taa isiyowashwa haina masizi. Kokila aliisugua kila Ijumaa, tausi akameta hadi manyoya yake yakahesabika. Wageni waliokuja mchana kunywa chai waliisifu. "Kokila, kwenu kuna ibada," walisema. "Taa yenyewe inaonyesha." Na Ba pale pembeni aliyasikia hayo, asiseme kitu.

Diwali ilipofika nyumba ilijaa watu, kwa hiyo taa ikawashwa. Kokila alipoisogeza kwenye kigoda, Ba aliiinamia, viganja vyake vikakaa juu ya moto mpaka Harishi akacheka. "Ba, utaungua."

"Niache kidogo," alisema Ba.

Kokila akatazama chini. Kitu kilimgusa, nadhani. Lakini wageni waliondoka, vyombo vikabaki, na jioni iliyofuata Ba aliletewa shaba tupu.

Siku moja, jua linazama, Kokila yuko katikati ya kazi zake, umeme ukakatika mji mzima. Wingu lilikuwa zito, ndani kukawa giza. Mshumaa hakuna. Alichokipata kwa kupapasa ni pamba, samli na ile taa. Akawasha. Aliwasha ili aone asijikwae kwa watoto, basi. Na kwa kuwa saa ya Ba ilikuwa imefika na taa iko mkononi, akagonga kengele, akaimba huku akiharakisha, akaenda kupiga magoti mbele ya kigoda.

Ba akanyoosha viganja. Joto likavifikia. Machozi yakamtoka yule mama katika macho yasiyoona.

"Leo umekuja," alisema.

Kokila alishtuka. "Ba, mbona nakuja kila siku?"

"Hapana, mwanangu. Kila siku inakuja shaba."

Kokila akauliza kwa sauti ndogo, "Ulijua?"

"Yamepofuka macho. Viganja havijapofuka."

"Tangu lini?"

"Tangu ile mvua."

"Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu lingetosha, Ba. Ningewasha."

"Ungewasha kwa sababu nimekuambia," alisema Ba. "Nami ningekaa hapa nikipokea amri yangu mwenyewe. Sikuwa na hamu ya hiyo. Nilikuwa na hamu ukumbuke. Kila jioni nilinyoosha mikono nikisema, labda leo. Ikikosa kuwa leo nasema, basi labda kesho. Na leo umekumbuka."

Ndugu zangu, jiwekeni pale alipopiga magoti Kokila. Mama anamshukuru kwa kukumbuka, naye hakukumbuka. Aliwasha kwa ajili ya macho yake mwenyewe. Na wakati huo huo, Ba bado anafuta machozi, umeme ukarudi. Chumba chote kikawa cheupe. Ba hakujua. Angejuaje? Kokila angeweza kukaa kimya tu na kuibeba ile shukrani. Ni nani angemuumbua? Mimi nikijiuliza ningefanya nini, sina hakika na jibu langu.

Kokila alisema, "Ba, usinishukuru. Umeme ulikatika. Niliwasha nipate kuona."

Ba akairudisha mikono yake mapajani. Kokila alingoja atukanwe, au mama ainuke aende zake.

Baada ya muda Ba akauliza, "Umesharudi, huo umeme?"

"Umerudi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa unalia."

"Basi mbona bado nasikia joto?"

Kokila alitazama taa mkononi mwake. Jikoni mtoto alikuwa anamwita, kitu kilikuwa kinachemka, na mwanga wa umeme ulitosha kwa kazi zote za nyumba ile. Hata hivyo hakuwa ameinuka, wala hakuwa amezima. Akaichukua mikono ya mama mkwe wake kutoka mapajani, mmoja mmoja, akairudisha juu ya moto. Nao wakakaa hivyo, mpaka samli ikaisha yenyewe.

Sasa nageuka kwenu, na kwangu.

Katika taa kuna shaba, kuna samli, kuna utambi. Shaba tumerithi. Hata ukiitoa kila jioni haipungui. Unairudisha kabatini ikiwa na uzito ule ule. Kinachopungua ni samli na utambi. Wazee wetu walifundisha kwamba samli ni matamanio yetu, na utambi ni ile "mimi" iliyosimama wima katikati, isiyotaka kuguswa. Hivyo viwili visipoungua, hakuna mwanga. Ndiyo maana sisi tunapenda sana kupeleka shaba. Tunapeleka kengele, nyimbo, sari mpya, sahani za peremende. Tunapeleka kila kitu ambacho hakitupunguzii kitu, halafu tunasema tumeabudu.

Je, Mungu haoni? Anaona. Mnafikiri ananyamaza kwa sababu tumemdanganya? Ananyamaza kama Ba. Hataki kupokea amri yake mwenyewe. Ana hamu nasi, ndugu zangu, na jioni hata jioni anasema, labda leo.

Wala usimtafute mbinguni tu. Una baba unayempigia simu kila wiki, unamuuliza hali, na kabla hajajibu umeshamuaga. Hiyo ni shaba. Mke unamwitikia huku jicho lako liko kwenye runinga. Ni shaba, tena imesuguliwa vizuri, na majirani wanaisifu. Na wewe unayesema, mbona halalamiki? Nakuuliza: ni nani aliyekuambia kwamba asiyelalamika hasikii baridi?

Labda utaniambia mimi kuhani wako, Maharaji, nimechelewa, na hata nikiwasha leo nitakuwa nimewasha kwa sababu umenihubiria. Kweli. Kokila naye aliwasha kwa sababu ya umeme. Sababu ya kuwasha haikuwa nzuri. Lakini umeme uliporudi alibaki amepiga magoti, na hapo ndipo taa ile ilipokuwa ya Ba.

Simameni sasa, tunaanza aarti, ibada yetu ya kuzungusha taa. Taa itawafikia mmoja mmoja, msisukumane. Ikifika kwako, kabla hujafunika moto kwa viganja, mtaje moyoni yule aliyekunyooshea vyake nyumbani. Kisha usikae hapa kusubiri peremende. Nenda kwake.